Karai Halitoki

Kila asubuhi, kabla hajavaa sare ya shule, Nanjala alikuwa na wageni wa kuwaandalia staftahi. Alifungua mlango wa nyuma polepole ili usilie, akashika jagi la maji mkono mmoja na konzi ya chenga za mahindi mkono wa pili, kisha akanyata hadi chini ya mpera uliokuwa nyuma ya nyumba yao. Hapo palikuwa na matofali manne yaliyopangwa, na juu yake karai kuukuu la fundi mwashi, lenye kutu ukingoni. Nanjala alitia maji, akamwaga chenga juu ya kipande cha bati kilichokuwa kando, akarudi nyuma hatua kumi na kujibanza ukutani.

Wageni hawakuchelewa. Walitangulia shomoro, maana shomoro hawana haya. Kisha tetere wawili walitua taratibu, wakitazama huku na huku kama watu wanaoingia kanisani baada ya ibada kuanza. Shore wenye vishungi vyeusi walikuja kwa kelele, na nyuma yao minana wa manjano, wale mafundi wa kufuma viota, wakasukumana ukingoni mwa karai kama wapangaji wanavyosukumana mferejini siku ya maji kuja.

"Nanjala! Chai inapoa!" Mama aliita kutoka ndani.

"Nakuja, Mama! Bado mmoja hajanywa!"

Nanjala alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, mwanafunzi wa Gredi ya Saba. Yeye na mama yake, ambaye alikuwa fundi wa nguo sokoni, walipanga nyumba ya tatu katika ploti ya nyumba sita pembeni mwa mji wa Kakamega. Mambo ya ndege yalianza mwezi wa Desemba, mwenye shamba la jirani alipokata miti yake yote ili ajenge. Kwa siku tatu mashine ya kukata miti ilinguruma. Siku ya nne pakawa kimya, na ndege waliokuwa wakiishi kwenye ile miti wakawa wanazunguka angani bila kujua pa kutua. Januari ikaleta jua kali. Nyasi ziligeuka rangi ya majani ya chai, na vidimbwi vyote vikakauka. Alasiri moja Nanjala alimwona shore akinywa maji ya sabuni yaliyotuama chini ya mfereji. Ndege yule alikunywa, akatikisa kichwa, akapangusa mdomo kwenye jiwe, akanywa tena kwa sababu hakuwa na mengine.

Jioni hiyo Nanjala alimwendea mama yake. "Mama, naomba lile karai la zamani."

"La nini?"

"La ndege. Wana kiu."

Mama alisimamisha cherehani. "Karai chukua. Lakini unisikie vizuri. Maji utachota wewe, na karai utaliosha wewe. Sitaki maji yaliyolala huko nyuma."

"Nitaliosha kila siku, Mama. Haki ya Mungu."

Na kweli, kwa majuma matatu alitimiza ahadi. Kila asubuhi alimwaga maji ya jana, akasugua karai kwa mchanga na majivu, akalisuuza, ndipo akatia maji mapya. Lakini Januari ilipokaribia kwisha, mazoezi ya riadha yalianza shuleni, na Nanjala akachaguliwa kukimbia mita mia nane. Akawa anatoka nyumbani mapema na kurudi jioni miguu ikimuuma. Basi akajipunguzia kazi kidogo. Badala ya kumwaga na kusugua, akawa anaongeza tu maji mapya juu ya yale ya zamani. Ndege walikuja vilevile. Hawakulalamika, na hakuna mtu aliyejua.

Katikati ya Februari, Jumatatu moja jioni, sauti ya Kukhu Pascalia ilipasua ploti.

"Mama Nanjala! Toka nje uone kazi ya mtoto wako!"

Pascalia alikuwa bibi mzee wa nyumba ya kwanza. Watoto wote wa ploti walimwita Kukhu, yaani nyanya. Alikuwa na banda la kuku kumi na wanne, na kuku hao ndio waliomlisha yeye na mjukuu wake Andati tangu alipofiwa na mumewe. Mkononi alibeba kifaranga aliyekufa. Macho ya kifaranga yalikuwa yamezibwa na vidonda vyeusi, kama punje za mtama zilizoungua.

"Huyu ni wa pili," alisema akihema. "Jogoo wangu naye ana vidonda kwenye undu wake wa kichwani. Ni hawa ndege wa msituni! Wanakujanga hapa kila asubuhi kwa sababu ya hilo karai, kisha wanatua kwa banda langu na kuacha ugonjwa."

Kabla Mama hajajibu, Nanjala alijitokeza mlangoni.

"Kukhu, pole kwa kifaranga," alisema. "Lakini ndege wangu si wagonjwa. Nawaona kila siku. Wanaruka, wanakula, wanaimba. Mgonjwa haimbi."

"Unanijibu mimi?"

"Nawasemea wasioweza kusema, Kukhu."

"Nanjala!" Mama alimkemea.

Kelele zilimleta Mzee Lazarus, msimamizi wa ploti, ambaye alikuwa akitengeneza lango. Alikuwa mtu wa maneno machache na amri nyingi. Alimtazama kifaranga, akamtazama Kukhu, akautazama mpera.

"Mambo ni rahisi," alisema. "Kesho jioni sitaki kuliona karai hapa."

"Sitaliondoa, Mzee," Nanjala alisema.

Sufuria zilizokuwa zikioshwa mferejini ziliacha kulia.

"Umesema nini?"

"Nimesema sitaliondoa." Alisimama palepale. "Mimi naitwa Nanjala. Mama alinipa jina hili kwa kuwa nilizaliwa wakati wa njala. Nikiwanyima viumbe maji na chakula, jina hili nitalipeleka wapi?"

Wapangaji wawili walicheka. Mzee Lazarus hakucheka. Alikunja uso, akarudi langoni, na tangu hapo vita vikaanza.

Siku ya Jumanne Nanjala alirudi kutoka shuleni akakuta karai limefunikwa kwa ubao mzito. Aliuondoa ubao, akauegemeza ukutani kwa adabu. Siku ya Jumatano kile kipande cha bati cha chenga kilikuwa kimetupwa jalalani. Nanjala alileta sahani yake mwenyewe ya plastiki. Siku ya Alhamisi Mzee Lazarus alizungusha kamba kwenye matawi ya mpera na kuning'iniza karatasi za nailoni zilizopepea na kupiga kelele kama majani makavu. Ndege hawakutua. Walikaa juu ya paa, wakaliangalia karai kwa mbali. Nanjala alipanda mpera akiwa na sare yake, akaikata kamba vipande vipande, kisha akachukua boksi la viatu, akalipasua na kuandika kwa herufi kubwa:

NDEGE HAWA HAWANA PLOTI NYINGINE.

Akalifunga kwenye shina.

Jambo moja tu Mzee Lazarus hakulifanya. Hakuyamwaga maji. Aliamini yana ugonjwa, na hakutaka yamrukie miguuni.

"Huyu mtoto ana kichwa kigumu kama jiwe la kusagia wimbi," alimwambia Mama.

"Nalijua hilo, Mzee. Mimi ndiye niliyemzaa," Mama alijibu. Lakini usiku huo alimwambia Nanjala, "Kumtetea mnyonge ni jambo zuri. Hakikisha tu kwamba unapotetea, huachi kosa lako mwenyewe nyuma."

Nanjala aliitikia bila kusikia. Aliwaza tu jinsi ya kushinda.

Ijumaa jioni alikufa kifaranga wa tatu. Watu wa ploti walikusanyika uani, kila mmoja na lake la kusema. Kukhu Pascalia hakupiga kelele safari hii. Alisimama tu na mikono kiunoni, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Tunabishana kama vipofu," Mama alisema. "Nimempigia simu daktari wa mifugo. Atakuja kesho asubuhi. Atakalosema tutalifuata sote."

"Sawa," Mzee Lazarus alisema, kisha akamgeukia Nanjala. "Na wewe, wakili wa ndege. Hilo karai huoshwa lini?"

"Kila siku," Nanjala alijibu papo hapo. "Nalisugua kila siku kwa mchanga na majivu."

Maneno yalimtoka kabla hajayafikiria. Kwa Januari yalikuwa kweli. Kwa Februari yalikuwa uongo. Aliona Mama akimtazama muda mrefu kidogo kuliko kawaida, akainua kidevu na kutazama pembeni.

Jumamosi asubuhi rafiki yake Tracy, ambaye aliishi nyumba ya tano na kusoma naye darasa moja, alimkuta uani.

"Leo ndiyo leo!" Tracy alisema akipiga makofi. "Leo Mzee Lazarus atameza maneno yake."

Wakaenda pamoja chini ya mpera. Nanjala aliinama atie maji, kisha akaliweka jagi chini. Ndani ya karai, chini kidogo ya uso wa maji, kulikuwa na vitu vyembamba kama vipande vya uzi mweusi. Vilijipinda, vikajinyoosha, vikaruka chini, vikarudi juu na kuning'inia kichwa chini. Havikuwa viwili wala vitatu. Vilikuwa vingi sana.

"Viluwiluwi," Tracy alinong'ona. "Vya mbu. Tulivisoma kwenye Sayansi."

Nanjala aliinama zaidi. Sasa aliona hata utelezi wa kijani uliozunguka ukingo, na vinyesi vya ndege vilivyoganda. Vyote vilikuwepo tangu zamani. Ni yeye aliyekuwa hatazami.

"Mwaga basi!" Tracy alimhimiza. "Unasimama nini? Daktari hajafika. Nani atajua?"

"Wewe unajua."

"Mimi sijaona kitu." Tracy aligeuza uso, akajifanya anahesabu mapera.

Nanjala aliliinamisha karai. Maji yakamwagika kwenye udongo mkavu, udongo ukayanywa, na ushahidi wote ukapotea kwa muda wa kupiga chafya. Akasugua kwa mchanga, akasugua kwa majivu, akasugua tena. Alipomaliza, karai liling'aa kama sinia ya harusi. Yeye mwenyewe hakutaka kulitazama.

Daktari Cherono alifika saa nne kwa bodaboda, amevaa gambuti, na mapajani amepakata sanduku la barafu. Alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti. Aliomba maji na sabuni, akanawa, akavaa glavu, akaingia bandani. Alimshika jogoo, akamchunguza undu, akamfungua mdomo, akamrudisha. Alifanya hivyo kwa kuku wote kumi na mmoja waliobaki, na watu wote wa ploti walimsubiri kama watu wanaosubiri hukumu.

"Hii ni ndui ya kuku," alisema alipotoka. "Msiogope, binadamu hapati ndui hii. Lakini kwa vifaranga ni kali. Ikiwaziba macho, hawaoni chakula, wanakufa njaa."

"Na huletwa na hawa ndege, siyo?" Mzee Lazarus alidakia, kidole chake kikiuelekea mpera.

"Ndege wa porini nao hupata ndui zao," daktari alisema, "lakini msambazaji mkubwa ni mbu. Anamuuma kuku mgonjwa, kisha anaenda kumuuma mzima. Ndiyo maana nikifika bomani, kitu cha kwanza natafuta maji yaliyolala."

Alitembea moja kwa moja hadi kwenye karai. Alilipapasa ndani kwa kidole, akalinusa.

"Nani huosha hili?"

"Mtoto huyu," jirani mmoja alisema.

"Ni safi kabisa. Wote wangeosha hivi, mimi ningekosa kazi."

Watu walicheka, wengine wakapiga makofi. Tracy alimfinya Nanjala begani kwa furaha. Nanjala hakuweza hata kutabasamu.

Daktari aliendelea kuzunguka. Nyuma ya banda la kuku alisimama, akachutama. Palikuwa na nusu tairi ambalo Kukhu alilitumia zamani kunyweshea kuku. Sasa maji ya kuoshea vyombo yalikuwa yakitiririkia humo na kutuama. Daktari alichota kidogo kwa kikopo, akakiinua kwenye jua.

"Haya hapa," alisema. "Viluwiluwi vya mbu."

Minong'ono ilienea uani. Mzee Lazarus, ambaye wiki nzima alikuwa upande wa Kukhu, aligeuka kama kinyonga.

"Kumbe ni wewe mwenyewe, Pascalia!" alisema kwa sauti. "Unatusumbua wiki nzima, kumbe moto umeuwasha kwako!"

Kukhu Pascalia aliketi polepole juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mikono yake mikubwa, iliyozoea jembe, ilikaa magotini bila kazi.

"Basi nimewaua mwenyewe," alisema. "Kwa mkono wangu."

Nanjala alikuwa amesubiri siku tano kumwona Kukhu akishindwa. Sasa ilikuwa imetokea, mbele ya ploti nzima, na haikumfurahisha hata kidogo. Tracy alimkanyaga mguu, kumwambia anyamaze. Nanjala aliuondoa mguu wake.

"Si yeye peke yake," alisema.

Hakuna aliyesikia. Akasema tena kwa nguvu.

"Si Kukhu peke yake! Hata kwenye karai langu kulikuwa na viluwiluwi. Vingi. Niliyamwaga maji leo asubuhi kabla Daktari hajafika."

Vichwa vyote vilimgeukia. Mama alishika shavu.

"Jana nilisema nalisugua kila siku," Nanjala aliendelea. Machozi yalimtoka, lakini hakuyafuta. "Nilidanganya. Sijalisugua tangu mazoezi ya mbio yaanze. Nilikuwa nachoka, nikawa naongeza tu maji."

"Ni muda gani?" daktari aliuliza.

"Karibu wiki nne."

Daktari Cherono alitikisa kichwa. "Wiki nne! Kwa jua hili, mbu anahitaji siku saba hadi kumi tu kutoka yai hadi kuruka. Siwezi kuapa ni mbu wa karai au ni mbu wa tairi waliowauma kuku hawa. Mbu hana anwani. Lakini nyote wawili mmewafuga."

"Si nilisema!" Mzee Lazarus alirudi upande wake wa kwanza mara moja. "Nilisema tangu Jumatatu! Leo karai hilo linaenda jalalani."

Alipiga hatua kubwa kuelekea mpera. Lakini miguu iliyozoea mita mia nane ilimpita. Nanjala alifika kwanza, akasimama mbele ya karai, mikono ameitanua.

"Karai halitoki!"

"Msichana, toka hapo."

"Kosa ni langu, Mzee, si la ndege. Wao hawakunituma niwe mvivu. Hawakunituma nidanganye. Nichapeni mimi, nitumeni kazi, nipeni adhabu yoyote, nitaikubali na sitanung'unika. Lakini nikikosa mimi, wasife kiu wao." Alizidi kuitanua mikono. "Karai halitoki."

Mzee Lazarus alisimama. Alimgeukia daktari, labda akitumaini kusaidiwa.

"Mimi sina ugomvi na karai," Daktari Cherono alisema. "Nina ugomvi na maji yaliyolala. Karai liinuliwe juu zaidi, kuku wa huyu bibi wasilifikie. Maji yamwagwe na karai lisuguliwe kila siku, na isipite siku ya pili kwa sababu yoyote ile. Chenga ziwe kidogo, zinazoisha asubuhi hiyohiyo, la sivyo mtaita panya. Na ukimaliza, unanawa kwa sabuni hadi viwiko. Hilo tairi litobolewe leo. Kuku wazima nitawachanja sasa hivi. Wagonjwa wapakwe dawa kwenye vidonda kila siku hadi wapone."

"Na akidanganya tena?" Mzee Lazarus aliuliza.

"Akidanganya tena, nitalitupa kwa mkono wangu," Mama alisema. Alikuwa amemkaribia binti yake, na uso wake haukuwa na mzaha. "Nanjala, umekubali adhabu yoyote. Basi isikie. Mazoezi ya mbio yamesimama kwa wiki tatu, na mwalimu wako utamweleza sababu wewe mwenyewe. Kila asubuhi, ukishaosha karai, utawapaka dawa kuku wa Kukhu."

Nanjala alijua maana yake. Mashindano ya kanda yalikuwa baada ya wiki mbili.

"Sawa, Mama."

Lakini Kukhu Pascalia aliinuka kutoka kwenye ndoo. "Hapana. Mkono uliodanganya hautagusa kuku wangu." Akaingia nyumbani kwake na kufunga mlango.

Jumatatu Nanjala alimweleza mwalimu ukweli wote, na nafasi yake ya mita mia nane akapewa msichana mwingine. Iliuma kuliko kiboko. Nyumbani nako mambo hayakuwa mepesi. Tangu Jumapili alikuwa akienda mapema hadi mlangoni kwa Kukhu akiwa na chupa ya dawa na pamba.

"Hodi, Kukhu. Nimekuja kuwapaka kuku dawa."

"Rudi kwenu."

Nanjala hakurudi. Aliketi juu ya jiwe kando ya banda hadi jua lilipopanda. Jumatatu ikawa hivyohivyo. Jumanne alikuta Kukhu ndani ya banda akihangaika na jogoo. Jogoo alikuwa mkubwa, mwenye hasira, na kila Kukhu alipoinua pamba, aliponyoka na kumpiga kwa mabawa. Kukhu alijaribu mara tatu. Mara ya nne alipiga kelele bila kugeuka.

"Wewe uliyeketi kama sanamu! Njoo ushike mabawa. Na usidhani nimekusamehe."

"Sijadhani, Kukhu."

Tangu siku hiyo walifanya kazi pamoja, mmoja akishika, mwingine akipaka. Kisha Kukhu akaanza kumwonyesha jinsi ya kumshika kuku bila kumtisha, jinsi ya kumtambua mgonjwa kwa mkia uliolegea kabla ya macho, na jinsi ya kumlisha kifaranga asiyeona, kwa kumfungua mdomo na kumtilia uji wa mtama tone kwa tone. Nanjala alijifunza kuamka kabla ya jogoo. Alisugua karai kwanza, halafu akaja bandani. Siku aliyohisi uvivu ukimshika, alisugua mara mbili.

Mashindano yalipofanyika, alisimama kando ya uwanja akawashangilia wenzake. Alilia kidogo njiani wakati wa kurudi, lakini kesho yake alikuwa bandani saa ileile.

Mwishoni mwa Machi mvua zikaanza. Magamba ya vidonda yalikuwa yamekauka na kudondoka. Alikufa kifaranga mmoja zaidi, wengine wakapona. Jogoo alipoteza jicho moja, lakini sauti na hasira vilimbakia vyote. Asubuhi moja, walipokuwa wakifagia banda, Nanjala alikusanya ujasiri.

"Kukhu, bado unaniona mkaidi?"

"Mkaidi sana," Kukhu Pascalia alisema, akaegemea ufagio. "Lakini mimi pia ni mkaidi, kwa hiyo siwezi kukulaumu kwa hilo. Duniani humu watu watakuambia uache mambo mema, kwa kuwa yanawasumbua. Kataa. Hata kama ni mimi ninayekuambia, kataa. Ila kabla hujasimama kumpinga mtu, jichunguze kwanza wewe. Palipo na kosa lako, litaje kabla hajalitaja mwingine, na ulirekebishe kwa kazi, si kwa maneno."

Alichukua jani la mpera lililonasa kwenye nywele za Nanjala, akalitupa.

"Ulisimama siku tano ukipiga kelele na uongo ukiwa umeuficha mgongoni, na mimi sikusikia hata neno moja. Siku uliposema ukweli, ulisimama dakika moja tu, ukilia. Hiyo dakika nilikusikia, mjukuu wangu. Ndiyo maana uko hapa ndani leo. Sasa nenda, utachelewa shule."

Nanjala alifunga mlango wa banda, akanawa mikono kwa sabuni hadi viwiko, akatia mkoba wa vitabu begani na kutoka mbio langoni mvua ikimnyeshea.